Koti Lililofuliwa

Glenys Ormerod hakuwa mwanamke wa kumpa mtu nguo chafu. Hata nguo kuukuu za kuwapa maskini alizifua kwanza, akazipiga pasi, na vifungo vilivyolegea akavikaza. Kwa hiyo Daktari Imogen Sayle wa makumbusho ya mji wa Calderbeck alipopiga simu kuomba koti la kijivu alilolivaa Neville, mume wa Glenys, enzi za bendi ya Makarani, Glenys aliliroweka usiku kucha kwenye maji ya magadi. Asubuhi alilisugua makwapani kwa brashi, akalianika juani, akaliweka kwenye mfuko pamoja na kifuko cha maua makavu ya kunukia. Kwa miaka arobaini mkono wake ulikuwa ukilitamani koti lile, na Neville alikuwa hampi nafasi. Sasa nafasi ilikuwa imepatikana, tena kwa sababu ya heshima.

Daktari Imogen, ambaye alikuwa daktari wa nyimbo na si wa magonjwa, alivaa glavu nyeupe kabla ya kufungua mfuko. Alilitoa koti taratibu, akaligeuza ndani nje, akatazama makwapani. Kisha akalinusa.

"Umelifua," alisema.

"Bila shaka, mpenzi. Lilikuwa na ramani ya jasho mgongoni tangu mwaka themanini. Usiwe na wasiwasi, limetoka lote."

Imogen alisema ni sawa kabisa. Baadaye kidogo akasema tena kwamba si neno, hata kidogo. Aliposema mara ya tatu kwamba ni vizuri mno, Glenys alijua kuna kitu kimekufa, maana Calderbeck mtu akikuhakikishia mara tatu kuwa hakuna shida, ni afadhali ukatafute pa kukaa. Lakini kitu gani kilichokufa hakukielewa. Nguo ilikuwa safi.

Kisha Imogen alimwonyesha chumba. Kulikuwa na picha kubwa ya Makarani wanne wakiwa na makoti ya kijivu na tai nyembamba, nyuso zimekauka kama watu waliokataliwa mkopo. Kulikuwa na santuri za nchi nyingi ukutani. Na katikati ya chumba, juu ya sanduku refu la mbao lililopakwa rangi nyeusi, kulikuwa na kijumba cha kioo kitupu, kinasubiri. Hapo, Imogen alisema, ndipo itakapokaa mashine yenyewe ya umeme ya kupiga ngoma. Ingeletwa Jumamosi asubuhi kutoka kwa Adrian, mwimbaji, kwa gari lililokatiwa bima.

Glenys alivaa miwani, akasoma ubao uliokuwa pembeni ya kile kioo.

"Mwaka 1980 mpiga ngoma wa kwanza, N. Ormerod, aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na mashine. Kutokana na uamuzi huo wa kijasiri ulizaliwa wimbo wa 'Korido', ambao mapigo yake baridi, yasiyo na mtu ndani yake, yaliwafungulia njia wanamuziki wa ulimwengu."

Akasoma mara ya pili. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ambayo angemwambia muuza duka kwamba chenji haijatimia, kuwa mashine haikupiga "Korido". Aliyepiga ni Neville.

Imogen alimtazama kwa upole wa mtu anayeonyeshwa picha za mjukuu. Alisema kumbukumbu za familia zina thamani kubwa sana. Akampa visikilizio, akamtaka asikie mwenyewe: mahali fulani, kila mzunguko, mapigo yale yaliyonyooka kama rula yanasita kidogo, kama mtu aliyeruka kidaraja kilichovunjika, halafu yanaendelea. Ni hitilafu ya waya ndani ya mashine, alieleza. Huko Ujerumani yupo mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya kusita huko. Vijana wa miji mingi wamekata kipande hicho hicho wakakitia kwenye nyimbo zao, na katika kumbi za dansi watu hupiga kelele kikifika.

Glenys alisikiliza. Kusita kule alikuwa akikusikia kila siku ya ndoa yake. Neville akisubiri chai, vidole vyake vilikipiga kipande hicho mezani. Akiendesha gari, alikipiga kwenye usukani. Usiku binti yao alipozaliwa, alikipiga kwenye benchi la hospitali mpaka muuguzi akamwomba akasubiri nje.

"Hiyo si waya, mpenzi," alisema. "Huyo ni mume wangu."

"Inapendeza sana," alisema Imogen.

*

Nyumbani Neville alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti chenye mikono, kikombe chake chenye mfuniko kiko mbele yake. Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umemwanza mkono wa kushoto, ukahamia mguuni, sasa ulikuwa umefika kidevuni. Mtu aliyewahi kupiga kama mashine, mkono wake ulikuwa kama ndege aliyeshikwa. Yeye mwenyewe alisema ni pensheni ya mpiga ngoma: unalipwa mapigo yaliyobaki yote kwa mkupuo.

Binti yao Lorraine, aliyekuwa amerudi kuishi nao baada ya mumewe kumpenda fundi wa meno, alikuwa akimnyoa ndevu.

"Wamelipokea koti?" Neville aliuliza.

"Wamelipokea."

"Vile vile lilivyo?"

"Nililifua kidogo."

Neville alicheka mpaka Lorraine akainua wembe juu. Alisema amelificha koti lile kabatini, stoo na chini ya mazulia, kumbe adui ana subira kuliko ukoma. Halafu akageuza macho, akakiangalia kikombe.

"Ubao umeuona? Wamesemaje?"

Hapo ndipo Glenys alipojua. Tangu mwaliko ufike, Neville alikuwa akisema ni upuuzi, atakwenda kwa ajili ya vimkate vya soseji tu. Lakini alikuwa ameomba kunyolewa siku tatu kabla ya siku yenyewe, na suti yake ya harusi ya Lorraine ilikuwa inaning'inia mlangoni.

"Wamekuandika vizuri," Glenys alisema.

"Wamenitaja?"

"Mstari wa kwanza kabisa."

Neville aliitikia kwa kichwa, na kichwa kikaendelea kuitikia chenyewe. Glenys akageukia sinki, akafungua maji. Sasa alikuwa na mpaka Jumamosi kuufanya uongo wake uwe kweli.

Ukweli wenyewe haukuwa mrefu. Makarani walimfukuza Neville kwenye baa, kwa adabu, wakamnunulia na kinywaji. Adrian alimweleza kwamba siku zijazo hazina wapiga ngoma. Wakanunua mashine, wakawatangazia waandishi wa magazeti, wakapigwa nayo picha. Siku ya kurekodi, Adrian aliweka bia yake juu ya ile mashine, na siku zijazo zikatoa moshi. Wakampigia Neville simu kiwandani. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya kufuma nguo. Akaja, akakaa kwenye studio isiyo na moto wala madirisha, koti lile la kijivu halikumtoka mwilini kwa baridi, akapiga kama mashine kwa sababu ndivyo alivyoombwa. Baadaye Adrian alimwomba asiseme, maana magazeti yalishaandika. Neville akasema hana neno. Alikuwa mtu wa Calderbeck. Angeungua na nyumba kuliko kuwasumbua majirani kwa kelele za moto.

*

Adrian Vane alikuja Alhamisi, baada ya Glenys kumpigia simu na kumwambia amefanya keki. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Adrian Sowerbutts, na baba yake aliuza samaki wa kukaanga mtaa wa pili. Lakini sasa aliishi kusini, alikuwa na nishani ya kifalme, na nywele nyeupe zilizochanwa kama za mtu anayesimama kwenye upepo. Alimkumbatia Neville, akamwambia hajabadilika hata kidogo. Mkono wa Neville ulikuwa unagonga kikombe wakati huo. Lorraine akaguna, akasema kwamba huko kusini miwani lazima ni ghali.

Glenys alimpa Neville ishara akapumzike chumbani. Lorraine akampeleka. Kisha Glenys akamkatia Adrian kipande kikubwa cha keki, kikubwa kiasi kwamba hangeweza kuondoka mapema bila kuonekana hana adabu.

Alimweleza habari ya ubao. Alimwambia anachotaka ni mstari mmoja tu.

Adrian alisikiliza kwa huzuni ya kweli. Alisema hakuna siku inayopita asimfikirie Neville. Alisema yeye binafsi angependa. Lakini jambo hili si lake tena, ni la historia. Watu wamejenga juu yake. Wako waliosomea mashine ile chuo kikuu. Wako vijana waliouza ngoma zao wakanunua mashine kwa sababu ya "Korido", wakawa matajiri, nao wakawazaa wengine.

"Glenys mpenzi," alisema, "tukisema ni mtu, tutakuwa bendi tu. Bendi nzuri, ndiyo. Lakini bendi."

"Na yeye atakuwa nani?"

"Sisi tunajua yeye ni nani."

"Sisi tuliobaki tuko watatu, Adrian, na mmoja anatetemeka."

Adrian aliweka uma chini. Akasema ana wazo zuri zaidi. Mashine itawashwa mara moja tu, siku ya ufunguzi, kwa kuwa wataalamu wanaogopa kuiharibu kwa majaribio. Mtu wa kubonyeza kitufe alikuwa awe yeye. Basi atamwachia Neville. Mpiga ngoma na mashine, wanapatana baada ya miaka yote ile. Alipokuwa akisema hivyo macho yake yalilengwalengwa na machozi, maana alikuwa mwimbaji na maneno yalimwingia haraka.

"Yaani aliyefukuzwa kazi amkaribishie wageni aliyechukua nafasi yake," Glenys alisema.

"Itakuwa heshima."

"Na hiyo mashine inafanya kazi? Mara ya mwisho niliambiwa ilinywa bia."

Adrian alisema iko kwenye kabati lake, haijaguswa, na kwamba anadhani kuna fundi aliyewahi kuitazama. Anadhani. Alimaliza keki, akasifu chai, akaondoka. Alipokuwa anafungua geti Lorraine alichungulia dirishani na kusema huyu ndiye aliyeimba kwamba hana moyo, na watu wakalipa wakadhani ni ushairi.

Ijumaa Glenys alirudi makumbusho. Alikuta mlango umefungwa kwa ajili ya maandalizi. Alibisha hata hivyo. Imogen alitoka, akasikiliza tena kwa upole, akauliza kama kuna ushahidi wowote: picha, kanda, chochote chenye alama ya siku ile. Glenys akafikiri. Kisha akauliza, polepole, jasho kwenye nguo huwa linaonyesha nini.

"Mengi," alisema Imogen, na safari hii hakusema kwamba ni sawa. "Mtu, na jinsi alivyokaa. Hata vumbi la pamba la kiwandani lingebaki kwenye nyuzi. Ndiyo maana kwa kawaida huwa tunaomba nguo ziletwe bila kufuliwa."

Glenys alimshukuru. Alitembea mpaka kituo cha basi, akaliacha basi la kwanza likapita.

*

Jumamosi Neville alivaa suti. Glenys alimfunga tai, na mara mbili alifungua mdomo aseme, na mara mbili alikuta uso wa mumewe umenyolewa vizuri mno. Akajiambia huenda watu watasimama mbele ya ubao, huenda hatauona.

Watu walisimama mbele ya ubao. Walijaa ukumbi: wazee wa Calderbeck waliokuja kwa ajili ya chakula, na wageni wenye nguo nyeusi waliokuja kwa treni, baadhi wakiwa na mashine ile imechorwa kwenye fulana zao. Neville aliwekwa kwenye kiti pembeni ya lile sanduku refu jeusi, ubavuni mwake kabisa, waya wa kitufe ukiwa umeletwa mpaka mapajani. Juu, ndani ya kioo, mashine ilikuwa imekaa, ndogo kuliko alivyoikumbuka, kama redio ya jikoni. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu alitoa hotuba kuhusu ubaridi. Adrian alisema maneno machache juu ya upatanisho, akapangusa jicho. Kisha akamwomba rafiki yake wa zamani aamshe siku zijazo.

Neville akabonyeza.

Hakukutokea kitu. Akabonyeza tena. Ukimya wa Calderbeck ni ukimya uliofunzwa. Hakuna aliyekohoa, kila mmoja alikuwa tayari kujifanya kwamba kimya ndicho alichokuja kusikiliza. Imogen alipauka. Adrian aliitazama mashine kama mtu anayemtambua shahidi mahakamani.

Glenys alimwona Neville akimtazama Adrian, kisha Imogen. Glenys alimjua mumewe. Hakupenda mtu aaibike mbele ya watu, hata aliyemwaibisha yeye. Mkono wake wa kushoto ulishuka kwenye ubavu wa sanduku. Mbao ilikuwa tupu ndani. Akagonga kwa kifundo cha kidole, mara moja, kama anayebisha hodi. Mguu ukaitikia chini. Na mkono ule ambao kwa miaka mitatu haukuweza kushika kijiko ukaacha kutetemeka, ukaanza kupiga "Korido".

Ulipiga umenyooka kama rula. Ukafika pale mahali, ukasita, ukaruka, ukaendelea. Wageni wenye nguo nyeusi walipiga kelele. Wengine walifumba macho.

Na waliokuwa mbele, waliokuwa karibu kiasi cha kuona kila kitu, waliona mkono wa mzee mgonjwa ukigonga-gonga mbao, nao, kwa kuwa walikuwa wamelelewa vizuri, wakageuza macho upande mwingine. Si adabu kuukodolea macho mkono wa mgonjwa. Mama mmoja alimvuta mumewe mkono atazame juu, kwenye mashine. Wote wakatazama juu, kwenye mashine.

Neville alipochoka alipiga pigo la mwisho, akarudisha mkono mapajani, na mkono ukarudi kutetemeka. Makofi yalidumu. Mwalimu wa chuo alimwambia Imogen, na Glenys alisikia, kwamba sauti imekuwa na joto kidogo, bila shaka kwa sababu ya umri wa waya.

Glenys alifungua mdomo. Safari hii alikuwa anataka kusema kweli, kwa sauti kubwa, mbele ya nishani na vimkate vya soseji. Neville akamshika sketi.

"Usilete zogo, mke wangu."

"Neville, wamekupigia makofi wewe na hawajui."

"Ndiyo makofi yenyewe matamu. Hayanidai shukrani."

Watu walisogea kwenye chakula, na ubao ukabaki wazi. Neville akausoma. Alisoma taratibu, kichwa kikiitikia. Alipofika neno "aliondolewa" kichwa hakikuacha kuitikia, kwa hiyo Glenys hakuweza kujua lolote kwa kukitazama.

"Mstari wa kwanza kabisa," Neville alisema mwishowe. "Hukusema uongo."

"Nisamehe."

"Wala wao hawajakosea sana. Unajua pale ninaposita? Mtambo niliokuwa nasimamia kiwandani ulikuwa na jino moja lililovunjika. Kila ukizunguka unachechemea. Nilisimama nao miaka, mguu ukajifunza." Akatabasamu upande mmoja, upande uliokuwa bado unamtii. "Wameandika mashine. Mashine ilikuwepo."

*

Neville alikufa mwezi wa pili baada ya ufunguzi, mapafu yakiwa yamejaa maji. Nyumba ya kuchomea maiti ya Calderbeck hutoa nafasi moja baada ya nyingine, jeneza moja likitoka huku maua ya lingine yakiingia, kwa hiyo hotuba huwa fupi na huwa nzuri. Desturi ya pale ni kwamba hakuna marehemu aliyekuwa mlevi, wala mbahili, wala mpishi mbaya. Kila mtu hulijua hilo, na kila mtu huomba naye afanyiwe hivyo hivyo.

Adrian aliomba kusema. Alisimama, karatasi mkononi, kisha akaikunja karatasi. Alisema kwamba kwa zaidi ya miaka arobaini amekuwa mwongo. Alisema mashine iliungua kwa bia yake yeye. Kwamba aliyepiga "Korido" tangu mwanzo hadi mwisho ni Neville Ormerod, akiwa ametoka zamu, kwenye baridi, amevaa koti. Kwamba kusita kule kunakosifiwa duniani kote ni kwake. Alishuka bila kumalizia.

Glenys alishika mkono wa Lorraine. Mstari aliokuwa ameutaka ulikuwa umesemwa, wote, kwa sauti, mbele ya mji.

Baadaye, kwenye klabu ya wafanyakazi, wakila nyama ya nguruwe na mkate, walikuja mmoja mmoja kumpa pole. Walisema ilikuwa ibada nzuri. Walisema maua yalipendeza. Na karibu kila mmoja alisema jinsi Adrian alivyokuwa muungwana, mtu mkubwa kama yule, kusimama na kumzawadia marehemu wimbo wake mwenyewe.

"Hakulazimika," alisema jirani. "Ndiyo maana wamempa nishani."

Imogen naye alikuwepo, macho mekundu. Alisema maneno ya Adrian yalimgusa sana. Akamrudishia Glenys koti, limekunjwa kwenye karatasi laini, na kadi imefungwa kwenye kifungo: vazi, limefuliwa. Maonyesho yalikuwa yanahamia mji mwingine, na koti, alisema kwa upole, halikuhitajika tena.

Nyumbani Glenys hakulitundika. Alilivaa juu ya nguo zake za msiba, likamfika magotini, likanuka maua makavu na si kingine. Aliweka maji jikoni, akakaa kwenye kiti chenye mikono. Nje, kijana alipita na gari, madirisha wazi, wimbo wa kisasa unatikisa vioo vya mtaa mzima. Glenys hakuujua wimbo huo. Lorraine aliinuka kwenda kufunga dirisha.

"Ngoja," mama yake alimwambia.

Walisikiliza gari likifika kona. Mapigo yalikuwa yamenyooka, baridi, moja baada ya jingine. Kisha yakasita.

"Haya," Glenys alisema. "Sasa funga."